Kopo la Maji juu ya Jiwe

Kuku yule alikuwa mwekundu, na shangazi yangu alimkata kwa kisu cha kumenyea mihogo. Nilikuwa na miaka sita, labda saba, kule Kapolowe, na mwalimu wa dini alikuwa njiani kuja kula kwetu bila kutoa habari, kama walivyozoea watu wa dini. Shangazi hakuwa na nafasi ya kutafuta kisu kingine. Alimkanyaga kuku mabawa, akamvuta shingo, akaanza kukata, na kisu hakikuingia. Akakata kama mtu anayekata mti kwa msumeno, kwenda na kurudi, mpaka mkono ukachoka, na kuku akaponyoka. Akakimbia uwanja mzima na kichwa kimelala upande, kikining'inia kwa ngozi, akaingia chini ya ghala la mahindi, akatoka upande wa pili, akarudi tena. Sisi watoto tulicheka mpaka tukaanguka. Mjomba naye alicheka, akasema kuku huyu anakwenda kumpokea mwalimu njiani. Shangazi peke yake hakucheka. Alipomkamata alikaa chini kwenye vumbi, kuku amelala mapajani mwake bado anapiga miguu, akatuambia, "Muache kucheka. Kisu butu inaua mara mbili." Kisha akaenda kuchemsha maji ya kumnyonyoa. Mwalimu alikula paja akasifu mchuzi. Mimi nilipewa mguu, nikaula na kucha zake.

Kuku huyo nilimsahau miaka mingi, akarudi siku moja kwa nguvu, na tangu hapo hajaondoka. Mwezi uliopita nilikuwa nimekaa mlangoni natengeneza redio ya mke wangu. Ile springi ya kushika betri ilikuwa imeoza kwa kutu, nikakunja karatasi ya fedha ya paketi ya sigara, nikaishindilia pale, na redio ikaanza kusema. Mara simu ikalia. Sauti ya mwanamke. "Jambo, tata. Ni Tata Kalasa?" Nikasema ni mimi. "Minye ni mutoto ya Mwape wa Likasi. Tata alikufa, inapita juma mbili sasa." Nikampa pole. Akaniambia watu wamekaa kwenye matanga, wananingoja, na kuna neno. "Mbele ya kufa alisema ile jiwe ya kunoa tukupatie weye. Iko tu pale mu lupango, na velo yake, ile baiskeli. Alisema weye utajua." Nikasema nitakuja. Sikwenda. Mke wangu aliniuliza Mwape ni nani, nikamwambia ni mtu niliyefanya naye kazi zamani, na hiyo ni kweli. Ameniuliza mara tatu sasa. Basi nitaandika, maana kusema siwezi, na kuandika kwenyewe nilifundishwa na mtu mmoja tu, naye yumo katika habari hii.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja nilipoingia kwa Papa Ngandu. Karakana yake ilikuwa kibanda kilichoegemea nyumba, matofali mpaka kiunoni, juu yake waya wa kuku, na bati lililowekwa mawe lisipeperuke. Ndani kulinuka mafuta yaliyochomeka na mpira. Watu walimletea kila kitu kilichokufa: pasi, feni, redio, vitanda vya chuma, mashine za kushonea, na wachimbaji wa Kamatanda walimletea patasi zao zilizopondeka. Kazi yake haikuwa kurudisha kitu kilivyokuwa. Alikuwa anakirudisha kikiwa bora. Mbabula, lile jiko la makaa la bati ambalo kila mama wa Likasi analo, yeye aliliwekea droo chini, ukiivuta jivu linatoka bila kumwaga makaa. Pasi iliyoungua mpini aliiwekea mpini wa mpera uliochemshwa ndani ya mafuta. Waya wa jiko la umeme alikuwa anauzungusha kwenye spoku ya baiskeli, mviringo baada ya mviringo, kisha anaulaza ndani ya mfereji aliouchonga kwenye tofali. Keekee yake nyembamba aliitengeneza kwa ubavu wa mwavuli. Meno ya jiliwa, ile kubwa ya chuma ya kubania vitu mezani ambayo sisi tuliita étau, aliyavika ngozi ya mkanda ili yasijeruhi kitu laini. Nyundo zake hazikuchomoka mpini. Wajinga, alisema, wanaloweka mpini ndani ya maji, kesho ukikauka nyundo inaruka inamuua mtu. Yeye aliuloweka ndani ya mafuta machafu ya gari juma zima. Alikuwa na neno moja alilolirudia kama sala: "Kintu inavunjikaka pale inachoka. Tafuta pale inachoka."

Usidhani alikuwa mtu mpole. Alikuwa anapiga. Ukishika tupa vibaya alikupiga nayo kwenye vifundo vya vidole. Siku moja aliona tumeweka waya wa shaba badala ya fyuzi ndani ya kasha la umeme la mama mmoja, kama mji mzima ulivyofanya, akanipiga kofi nikasikia nyuki mpaka jioni. "Unataka nyumba iungue, utakula nini, moshi?" Na alikuwa na majivuno ya watu wake. Baba yake alitoka Kasai kuja kuchimba shaba, na yeye alizaliwa hapahapa Likasi, nyuma ya kituo cha treni. Lakini alisema, "Shiye tulikuya huku na mikono mitupu, tukabakuta benyeji banalala." Alilisema hilo mbele yangu mimi mtu wa Kapolowe, mbele ya wateja, huku anacheka. Mke wake, Mama Ntumba, alikuwa anamfyonya kutoka jikoni. "Ngandu, mudomo yako siku moja itakuletea batu ku mulango." Anajibu, "Bakuye. Balete na pasi yabo."

Kile nilichojivunia mimi mwaka ule kilikuwa kopo. Tulikuwa na jiwe la kunoa la mviringo, ambalo Papa Ngandu alilifunga kwenye baiskeli iliyokatwa gurudumu la mbele. Ulikaa kwenye tandiko, ukakanyaga pedali, mkanda wa mpira wa tairi ukavuta jiwe likazunguka mbele yako kwenye chuma chake. Lakini chuma kikinolewa kikavu kinapata moto, na kikipata moto kinageuka rangi, kwanza kama chai, kisha kama divai, mwishowe buluu kama shingo ya njiwa. Kikifika buluu kimekufa. Kinabaki na sura ya makali, lakini ukipiga kitu kigumu makali yanakunjika. Kwa hiyo kila mizunguko kumi ilibidi usimame utose ndani ya ndoo, na Papa Ngandu, hata akiwa ndani ya nyumba, akisikia jiwe linalia muda mrefu alipaza sauti: "Usisahau mayi!" Mimi nilichukua kopo la maziwa, nikalitoboa chini kwa msumari mdogo, nikapitisha utambi wa taa kwenye tundu, nikalitundika kwa waya juu ya jiwe. Likadondosha tone, tone, tone, daima palepale makali yanapogusa. Siku tatu Papa Ngandu hakusema kitu. Siku ya nne alilisogeza kopo kushoto kwa upana wa kidole. "Sasa iko muzuri," akasema. Na mteja wa kwanza alipouliza, alimjibu, "Ile ni kazi ya Kalasa." Nimeoa, nimezaa, nimejenga nyumba mbili, na sidhani nimesikia tena neno tamu kama lile.

Mwape alikuwepo siku hiyo. Nimechelewa kumtaja. Tulifanya kazi pamoja, yeye aliingia mwaka mmoja kabla yangu, mtu wa huku Katanga kama mimi, mrefu, mwenye mzaha, mikono myepesi kuliko yangu. Jiwe la zamani lilipokwisha, yeye ndiye aliyeleta lingine kutoka kwa watu wa Kakanda. Sasa, jiwe jipya hulifungi hivihivi. Unalining'iniza kwa kamba, unaligonga kwa mti, unasikiliza. Jiwe zima linalia kama kengele ya kanisa. Lenye ufa linalia kama chungu. Mwape hakuligonga, alikuwa na haraka ya kuonyesha. Alipanda, akakanyaga pedali kwa nguvu, likapasuka. Sauti ilikuwa kama bunduki. Kipande kimoja kilitoboa bati, kingine kikamkata Mwape sikio la kulia, nusu ya juu, ikaanguka kwenye vumbi la chuma kama ganda la chungwa. Alisimama ameshika kichwa, damu inatoka kati ya vidole. Papa Ngandu hakumuuliza kama ameumia. Alichukua ule mkanda wa mpira akamchapa nao mgongoni, mara nne, mara tano, mbele ya akina mama waliokuja na pasi zao. "Muangalie mutu wa Katanga! Hata jiwe inamukatala!" Wale mama walicheka kwa woga. Na mimi nilicheka. Nasema kweli, nilicheka, kama nilivyocheka siku ya kuku. Mwape aliokota kipande cha sikio lake, akakifunga kwenye kitambaa, akaondoka. Mlangoni alinitazama mimi, si Papa Ngandu.

Jiwe lingine tulilipata, tukaligonga, likalia vizuri. Kopo langu halikuumia. Maisha ya lupango, ule ua wetu na nyumba zake, yakaendelea. Mimi nililala kwenye chumba cha nyuma pamoja na mpangaji mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, Maître Kabeya, naye ni mtu wa Kasai kwa wazazi. Alikuwa na suruali moja ya kijivu, aliyoipiga pasi kila asubuhi kwa ile pasi ya mpini wa mpera, mkunjo wake ungeweza kukata mkate. Mimi nilikuwa nimeacha shule mwaka wa tatu. Yeye alinikalisha kitandani baada ya kazi, akanipa daftari lililobaki na kurasa, akanifundisha upya. Nilipokosea hakunipiga. Alisema tu, "Rudia, Kalasa. Haraka haina kalamu." Tulikula wote mezani kwa Mama Ntumba, bukari yake, ugali wa mahindi yaliyochanganywa na muhogo, na sombe ya majani ya muhogo, na vile visamaki vikavu. Mimi nilikuwa namtania, "Mama, bukari yenu ni nzito sawa simenti," naye anajibu, "Ndiyo maana nyumba yetu haianguke." Mambo madogo. Sijui kwa nini nayakumbuka kuliko makubwa.

Kisha maneno yakabadilika. Mimi si mtu wa siasa, siwezi kusema yalianzia wapi. Nilisikia tu kwenye bomba la maji, kwenye soko, juu ya ua: wageni warudi kwao. Mtu aliyezaliwa nyuma ya kituo cha treni alikuwa mgeni. Watu walioazimana chumvi wakaacha kusalimiana. Vijana walianza kupita barabarani asubuhi wakigonga mapanga kwenye nguzo za chuma za umeme, kwenye mageti ya bati, nguzo baada ya nguzo, mpaka mji mzima unalia kama sufuria. Nyumba ya tatu kutoka kwetu ilichomwa, na mwenye nyumba alivutwa kwa miguu mpaka kwenye mtaro, kichwa kikigonga mawe. Niliiona damu yake kwenye mawe yale siku nyingi, maana mvua haikunyesha. Familia za Kasai zilikuwa zinakwenda kituoni na magodoro yao kungoja treni. Mama Ntumba alikuwa amefunga vitu vyake. Maître alikuwa amefunga vitabu. Papa Ngandu ndiye aliyekataa, na alikataa kwa sababu ya étau. Hakuweza kuiacha. Ilikuwa nzito kama ng'ombe mdogo, na alikuwa anatengeneza mkokoteni wa kuibebea, akabadili ekseli, akaona haifai, akaanza upya. "Kesho kutwa," alisema. "Gurudumu iko nacheza kidogo." Mke wake alilia, akamshika shati. "Ngandu, batatuua na weye uko nafunga boloni ya mukokoteni!" Akamjibu kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo rahisi, "Nikifika kule bila étau, nitakuwa nani?" Mimi nilitaka kitu kimoja tu duniani wakati ule: watu watatu wa lupango lile wafike kituoni wakiwa hai.

Mwape alikuja siku ya Jumanne, asubuhi, na watu zaidi ya ishirini. Sikio lake lilikuwa limepona vibaya, limekunjika kama uyoga. Hawakupiga mtu siku ile. Alisimama katikati ya karakana, akatazama kila kitu kama mtu aliyerudi nyumbani. "Jambo, Papa," akasema. "Hatukuye kukupiga leo. Tunakamata jiwe. Jiwe ni ya huku." Wakaibeba baiskeli na jiwe na kopo langu likiwa limening'inia. Kisha akanigeukia. "Na weye, Kalasa. Weye ni mutu wa huku ao wa kule?" Vijana wakasogea kunisikiliza. Mmoja alikuwa ameegemeza ncha ya panga kwenye kiatu changu, taratibu, kama mtu anayeegemeza mwavuli. Nikasema, "Wa huku." Nikafuata jiwe. Nilipopita mlangoni Papa Ngandu alikuwa amekaa kwenye mkokoteni wake, spana mkononi. Hakunitukana. Alisema lile lile alilosema kila siku, sijui kwa mazoea, sijui kwa nini: "Usisahau mayi."

Lupango la Mwape lilikuwa umbali wa nyumba sita. Waliliweka jiwe chini ya kivuli cha ukuta, wakanipandisha kwenye tandiko, wakaleta mapanga kwa mafungu kama kuni. Nikajaza kopo maji. Tone likaanza. Na hapo juu ya tandiko, nikikanyaga pedali, fikira ikaniingia, na nikaiona ni fikira nzuri kuliko ile ya kopo lenyewe. Nilisema mikono imejaa mafuta, nikaomba sabuni, nikanawa. Kipande kilichobaki nikakibonyeza chini ya kopo, kwenye utambi. Tone likakoma. Kutoka mbali kopo lilikuwa pale na maji yake, nani angejua. Nikanoa makavu. Nikabonyeza panga mpaka cheche zikatoka ndefu, makali yakapita rangi ya chai, rangi ya divai, yakafika shingo ya njiwa. Kisha nikasugua kwa jivu na unga wa tofali, buluu ikatoka, chuma kikang'aa. Walikuja, wakapima kwa kidole gumba, wakapiga mluzi. "Kalasa iko fundi!" Wakaniletea soda. Nilijua kitu kimoja wasichokijua wao: kwamba watatoka hapa wakigonga nguzo. Nguzo tatu tu, mageti mawili, makali yatalala kama sikio la mbwa. Watafika kwa Papa Ngandu na vipande vya bati mikononi. Nilinoa siku mbili, zaidi ya mapanga arobaini, na siku zile mbili nilikuwa na furaha ya siri, Mungu anisamehe, furaha ya fundi.

Siku ya Alhamisi, saa mbili asubuhi, waliondoka. Waliniacha pale. Nilisikia nguzo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila mlio nilisema moyoni, kunjika, kunjika. Nikasikia geti la Papa Ngandu likigongwa mara nyingi sana. Kisha kelele nyingine, na hiyo haikuwa ya chuma. Nikakimbia.

Maître alikuwa ametoka kwanza. Alikuwa amevaa suruali yake ya kijivu, amenyoosha mikono, anasema nao Kifaransa, "Mes enfants, mes enfants," yaani wanangu, maana baadhi walipita kweli darasani kwake. Walimpiga begani, panga likaruka. Wakampiga tena, likaruka. Hawakuelewa, na kutoelewa kukawapa hasira. Kama panga lingeingia mara moja labda wangeona damu wakaogopa wakakimbia, maana wengi walikuwa hawajaua mtu. Lakini halikuingia, nao wakaendelea, kwa bapa, kwa mgongo wa panga, kwa ncha, wakamtwanga kama muhogo kwenye kinu, wanne, watano, kila mmoja akihema. Nilisikia mifupa yake. Aliendelea kusema "mes enfants" muda mrefu kuliko inavyowezekana. Mwape aliwapita akaenda kwa Papa Ngandu, akainua panga kwa mikono miwili, na Papa Ngandu akainua mkono wa kushoto kujikinga. Panga lilishuka, mfupa ukavunjika ndani kwa sauti ya mti mkavu, lakini ngozi ilibaki. Kwa mkono wa kulia Papa Ngandu alikuwa na nyundo yake. Akampiga aliyekuwa karibu na Mwape kwenye goti, goti likaingia upande usio wake, na kijana yule akapiga mayowe ambayo yaliwashtua wote. Nyundo haikuchomoka mpini. Wakarudi nyuma, wakabeba walichoweza, pasi, feni, magodoro ya Mama Ntumba, wakamburuta mwenzao, wakatoka. Yote yalikuwa mafupi kuliko kupika chai.

Papa Ngandu alikaa chini, akaniita kwa jina kama siku ya kazi. "Kalasa. Leta mipini mbili ya tupa, mirefu. Leta mpira ya tairi, kata mikanda." Nikakata. Aliniongoza namna ya kumfunga, jasho likimtoka. "Hapa hapana kukaza, damu haitapita. Hapa kaza. Kaza tena." Akatengeneza mkono wake kama alivyotengeneza mguu wa meza, akaupima, akaridhika. Ndipo akaona panga moja waliloliacha kwenye vumbi. Akaniambia nimpe. Makali yalikuwa yamelala. Akakwaruza kwa ukucha karibu na shina, pale jivu langu halikufika, na mstari wa buluu ukaonekana.

"Ulisahau mayi," akasema.

"Sikusahau, Papa. Niliziba kopo na sabuni."

Ndani ya nyumba, alikomvutia Mama Ntumba, Maître alikuwa analia. Haikuwa sauti ya mtu sasa, ilikuwa pumzi yenye maji. Papa Ngandu akainua kidogo ule mkono uliofungwa. "Mukono yangu iko," akasema. Kisha akaelekeza kidevu mlangoni. "Na ule mutu?"

Mama Ntumba akatoka, kitenge chake chekundu kwa damu mpaka magotini. "Ngandu, acha mutoto wa batu." Akajibu, "Siko namugombeza. Niko namuuliza."

Maître alikufa saa sita mchana. Alichukua muda wa saa nne nzima kufa. Aliomba maji, tukampa kwa kijiko, hayakupita. Nilikaa karibu na kichwa chake, na kuku wa shangazi akarudi, akakimbia ndani ya kichwa changu, huku na huku, na watoto wanacheka. Tulimzika nyuma ya chumba chetu, ndani ya shuka, na vitabu vyake chini ya kichwa kwa sababu hatukuwa na kitu kingine. Alasiri waliondoka kwenda kituoni. Mkokoteni ulibeba furushi la Mama Ntumba tu. Mimi nilitaka kusukuma, Papa Ngandu akakataa kwa kichwa, akausukuma kwa mkono mmoja. Gurudumu halikucheza hata kidogo. Étau ilibaki mezani. Sijui kama treni waliipata, sijui kama walifika. Nimewauliza watu wengi waliokuwa kituoni siku zile. Kila mmoja alimwona mtu mwenye mkono uliofungwa, na hakuna aliyekuwa yeye.

Kesho yake asubuhi Mwape alinikuta ndani ya karakana tupu. Akanishika shati, akanipeleka kwake. Vijana walikuwa pale, na mapanga yao yamerundikwa, yamekunjika. "Fundi gani huyu?" mmoja aliuliza. "Mipanga inakunjama sawa majani." Mwape alikwenda kwenye jiwe. Akainama chini ya kopo, akatazama. Nilimwona amekiona kipande cha sabuni. Yeye naye alikaa kwa Ngandu, alijua. Aligeuka, akanipiga mdomoni kwa bapa la panga, nikatema meno mawili, na pengo lile mke wangu analijua bila kujua habari yake. Nilingoja aseme. Neno moja tu angesema, wangenifanya kama Maître. Hakusema. Aliwaambia, "Chuma ya siku hizi ni mubaya. Tutanoa tena." Akakichomoa kipande kile kwa kidole, akakitia mfukoni. Akaninong'oneza, karibu na sikio, kwa pumzi iliyonuka pombe, "Noa muzuri, Kalasa. Minye nitasimama hapa."

Tone likaanza. Nikapanda. La kwanza lilikuwa lake. Nililinoa mbele ya macho yake, maji yakidondoka palepale kwenye upana wa kidole aliousogeza Papa Ngandu, na mikono yangu ilijua kazi hata kama mimi sikutaka. Likawa zuri. Lilinyoa nywele za mkono wangu bila kugusa ngozi. Nikampa. Panga lile sijui lilifanya nini baadaye, na ndilo nililotaka kumuuliza binti yake kwenye simu, nikampa pole badala yake. Nikachukua la pili. Nikaligusisha kwenye jiwe. Ndani ya mlio ule nikasikia tena pumzi yenye maji, nikaliweka panga chini, taratibu, kama mtu anayeweka yai. Nikashuka.

"Unaenda wapi?" Mwape akauliza.

"Kunywa mayi."

Alitazama kopo, lililokuwa limejaa. Akanitazama mimi. Damu ilikuwa inanitoka kidevuni. Hakusogea, na wengine walipoona hasogei, hawakusogea. Nikapita katikati yao, nikatoka getini. Nyuma yangu jiwe lilikuwa bado linazunguka kwa uzito wake, na tone lilikuwa bado linadondoka. Bomba la maji lilikuwa kwenye kona, akina mama wamepanga ndoo, mmoja akaniambia karibu, kunywa. Sikusimama. Nikashika barabara ya Kapolowe kwa miguu, bila shati la pili, bila daftari langu, na sijarudi.